Matumbawe yangu ya matawi yanachunika kuanzia shinani: ni joto, ni maji, au kuna mdudu?

#1 Maalim wa Kikwajuni

Assalamu alaykum wanajamvi. Nina tangi la maji ya chumvi la lita 300, ukijumlisha na lile sanduku la chini linalokaa skima (mashine ya kutoa uchafu kwa mapovu) na pampu, na huu ni mwaka wake wa tatu. Miaka miwili ya mwanzo nilifuga matumbawe laini tu, nayo hayakunisumbua. Mwaka jana nikaingia kwenye haya ya mawe yenye polipu ndogo (vile vijinyama vinavyolijenga tumbawe), ambayo wafugaji huyaita kwa herufi SPS: vipande vitano vya Acropora, viwili vya Montipora vya umbo la sahani, kimoja cha Stylophora na kimoja cha Pocillopora. Vyote vilikuwa vikikua hadi katikati ya Februari.

Tangu hapo Acropora tatu zimekufa. Kifo huanzia shinani, pale tumbawe lilipogandishwa kwenye jiwe, kisha weupe ukapanda. Ya kwanza ilichukua siku nane. Ya tatu iliondoka kwa usiku mmoja: nilipomulika tochi saa nane za usiku niliona nyama ikibanduka vipande vipande na kuchukuliwa na mkondo, mfano wa utando wa juu ya maziwa yaliyochemshwa, na alfajiri palibaki mfupa mtupu.

Vipimo vyangu ni hivi: joto nyuzi 27, uzito wa chumvi 1.025, ualikali (yaani bikaboneti iliyomo majini) digrii 8, kalsiamu 420, magnesiamu 1300, naitreti haionekani kabisa, fosfeti 0.02. Kwa kila ninachosoma, maji haya hayana kasoro. Mwenye uzoefu anisaidie.

#2 Baharia Mstaafu

Wa alaykum salaam Maalim. Kinachoyaua ni kaskazi, wala usitafute mbali. Bahari yetu, ambayo wakati wa kusi hushuka hadi karibu nyuzi 25, mwezi wa Machi hufika 29 na kupindukia, na mwaka ukiwa mbaya hata matumbawe yaliyozaliwa humo hushindwa. Mwaka 1998 nilipita Misali na chombo, nikaona mwamba umekuwa mweupe kama uliomwagiwa unga. Hali hiyo ikarudi 2016, na 2024 tukaisikia tena dunia nzima. Ikiwa bahari yote ilishindwa, maji ya chumbani yataweza wapi?

#3 Bint Shangani

Mzee wangu Baharia, naomba nitenganishe mambo mawili uliyoyatia kwenye pakacha moja. Kupauka ni pale tumbawe linapovifukuza vijimwani vinavyoishi ndani ya nyama yake na kulipatia sehemu kubwa ya chakula; nyama yenyewe hubaki, ila huwa kama kioo, ndiyo maana tunaliona jiwe jeupe lililo chini yake. Tumbawe lililopauka laweza kurudi katika hali yake iwapo joto litashuka mapema. Anachoeleza Maalim ni nyama kuvuka na jiwe kubaki tupu, na hapo hapana cha kurudi. Joto laweza kuleta yote mawili, kwa hiyo sikupingi, nakuchelewesha tu.

Maalim, hizo nyuzi 27 ulizipima saa ngapi? Dawa za kupimia ualikali zina umri gani? Maji yanayopungua kwa kukauka unayafidia kwa maji gani? Na kipande cha mwisho kuingia tangini kiliingia lini, tena kilioshwa kwa kitu gani?

#4 Mpemba wa Wete

Bint Shangani amefungua mahakama, basi nami nina swali moja kabla shahidi hajaapishwa. Vipande vyenyewe vimetoka wapi? Maana kutoka Kikwajuni hadi kwenye matumbawe ya kisiwa cha Bawe si safari ya kuaga watu.

#5 Maalim wa Kikwajuni

Mpemba, ondoa shaka. Vyote vilizalishwa shambani nje ya nchi na kuingia na vibali vya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na nakala ninazo kwenye jalada.

Bint Shangani, joto huwa nalipima baada ya sala ya isha, ninapokuwa na nafasi. Dawa za kupimia ni zile nilizonunua nilipoanza tangi. Maji ya kufidia nilikuwa nikinunua yaliyochujwa kwenye duka moja la maji hapa mjini, lakini mashine yao iliharibika mwezi wa pili, na tangu hapo natumia ya kisima chetu, ambayo ni masafi na tunayanywa. Kipande cha mwisho ni Acropora ya buluu iliyoingia mwanzoni mwa Januari; niliiosha kwa maji ya tangi tu.

#6 Mzamiaji Nungwi

Swali la Mpemba lilikuwa la mzaha, ila wengi wanaopita hapa kimyakimya watataka kujua. Matumbawe yote ya mawe, yawe na polipu ndogo au kubwa, yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, na huku kwetu kuvunja au kuchukua tumbawe baharini bila ya kibali ni kosa, hata kama umelikuta limeshavunjwa na nanga. Nimewahi kusikia watu wakijitetea kwa hoja ya nanga, na haisaidii.

Nirekebishe na jambo dogo: hiyo SPS si jina la kisayansi. Ni mgawanyo wa wafugaji tu, na ndani yake mna jamaa wasiokaribiana sana. Acropora na Montipora ni familia moja, lakini Stylophora na Pocillopora ni familia nyingine. Kwa hiyo linalomuua mmoja na kumwacha mwingine lina maana, na Maalim hajatuambia hali ya Pocillopora.

#7 Maalim wa Kikwajuni

Kweli niliisahau. Pocillopora ni nzima, na polipu zimetoka. Stylophora na Montipora nazo hazijaguswa. Zilizokufa ni Acropora peke yake.

#8 Fundi Feni

Nipo upande wa Baharia. Maalim amepima joto usiku, wakati nyumba imeshapoa na taa za tangi zimezimwa. Apime saa tisa alasiri, siku ambayo bati limewaka tangu asubuhi, kisha tuzungumze.

Dawa yake ni feni ndogo ya kupuliza juu ya maji. Lita moja ya maji ikikauka huondoka na joto la takriban kilojuli 2400, na kushusha lita 300 kwa nyuzi moja kunahitaji kama kilojuli 1200. Yaani kwenye karatasi nusu lita inatosha. Kwenye nyumba haitoshi, kwa sababu pampu, taa na hewa ya chumba hurudisha joto saa zote, hivyo usishangae kupoteza lita nne au tano kwa siku. Kasoro nyingine ni unyevu: masika yakianza, hewa huwa imeshiba maji na feni hubaki kupiga kelele tu.

#9 Maalim wa Kikwajuni

Feni ninayo, Fundi. Niliifunga mwanzoni mwa Februari, na kweli maji yanapungua kama lita nne kila siku.

#10 Bint Shangani

Ahsante Maalim, sasa tazama ulichokiandika katika nambari 5 na 9 ukivisoma pamoja. Unapoteza lita nne kwa siku na unarudisha lita nne za kisima. Maji yanayokauka huondoka peke yake. Chumvi na madini yote hubaki. Na maji ya visima vya Unguja yamepita katika mawe ya chokaa, ambayo ni miamba ya matumbawe ya zamani iliyoinuka kutoka baharini, kwa hiyo hubeba bikaboneti nyingi. Chungulia ndani ya birika lenu la chai: ule ukoko mweupe uliogandamana chini ndio ninaousema.

Tuseme maji hayo yana ualikali wa digrii 15, jambo ambalo si ajabu kwa maji ya namna hiyo. Lita nne mara 15, gawa kwa 300, unapata 0.2 kwa siku. Wiki mbili ni 2.8. Tangi lako halina tena digrii 8, lina karibu 11, ukitoa kile kidogo ambacho matumbawe yamekitumia. Usitulizwe na kalsiamu kuwa 420, kwa sababu matumbawe yanapojenga mfupa hutumia digrii 2.8 za ualikali kwa kila miligramu 20 za kalsiamu katika lita, na kipimo cha kalsiamu cha nyumbani hakioni tofauti ndogo hivyo. Maji ya bahari yenyewe yana digrii 7 tu. Acropora ikipandishiwa kutoka 8 hadi 11 katika siku chache, tena katika maji yasiyo na naitreti, ambayo ni lishe, mara nyingi hufa hivyo hivyo ulivyoeleza.

#11 Mpemba wa Wete

Kwa hiyo Maalim anayanywesha matumbawe yake mababu zao.

Hata hivyo hesabu ya Bint Shangani ina tundu. Maalim, ya kwanza kufa ilianza siku gani hasa, na dumu la kwanza la kisima ulilimimina siku gani?

#12 Maalim wa Kikwajuni

Nimerudi kwenye daftari. Weupe wa kwanza niliuona Jumapili. Duka la maji liliniambia mashine imeharibika Jumatano iliyofuata, na dumu la kisima likaingia Alhamisi.

#13 Mpemba wa Wete

Basi mshitakiwa alikuwa bado hajafika mjini siku mauaji yalipotokea.

Mimi naona tatizo ni hewa. Maalim, tangi liko chumba cha kulala, sivyo? Wakati wa kaskazi watu hufunga madirisha, huwasha kiyoyozi na kulala wanne ndani. Hewa ya ukaa hujaa chumbani, skima huivuta na kuichanganya na maji, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, hushuka usiku hadi 7.7, ambapo tumbawe hupata taabu kujenga mfupa. Mimi hutumia maji ya chokaa, njia iliyoenezwa na wafugaji wa Ujerumani miaka mingi iliyopita. Chokaa safi huingia chini ya gramu 2 katika lita ya maji, unaacha itue, unachukua yale maji maangavu ya juu na kuyadondosha tone kwa tone usiku. Yanaongeza kalsiamu na ualikali kwa pamoja na yanakula hewa ya ukaa. Na sisi chokaa hatukosi. Mji mzima wa Mawe umesimama juu yake.

#14 Bint Shangani

Ndugu Mpemba, njia ni sahihi, lakini usimpe mtu maneno "chokaa hatukosi" bila ya onyo. Chokaa ya kujengea, na hata ile ya tambuu, ikichomwa kwenye tanuu la kuni hubeba majivu na vitu vingine visivyojulikana kiasi chake. Inayotakiwa ni ile safi ya kupikia au ya maabara. Maji yake yana pH inayopita 12; kikombe kimoja kikimiminwa kwa haraka chaweza kulimaliza tangi lote. Na Maalim ambaye ualikali wake pengine tayari uko juu, ukimwongezea chokaa utakuwa unampepea anayetetemeka kwa baridi.

Kuhusu tarehe, nakiri zimenibana.

#15 Mfugaji wa Dar

Habari za huko visiwani. Mnahesabu digrii na siku, hakuna aliyekwenda kutazama tumbawe lenyewe kwa karibu. Kufa kwa Acropora peke yake, kuanzia shinani, huku Montipora, Stylophora na Pocillopora zikiwa salama, miezi miwili baada ya kuingiza Acropora mpya isiyooshwa kwa dawa: hiyo ni minyoo bapa inayokula Acropora. Ina rangi ya tawi lenyewe, hivyo macho hayaioni. Dalili yake ni alama za mviringo zilizopauka, kama mtu aliyegonga kwa ncha ya kalamu, na vifungu vya mayai ya rangi ya kahawia kwenye sehemu zilizokwishakufa karibu na shina.

Chukua bomba la sindano kubwa, lijaze maji ya tangi, zima pampu, kisha yapulize kwa nguvu kwenye shina la Acropora iliyobaki. Ukiona kitu kama kigamba kinapeperuka na kujikunja, umempata mwizi wako. Kuosha kwa dawa huiua minyoo lakini hakuui mayai, kwa hiyo inabidi kurudia kila wiki kwa muda wa mwezi au zaidi. Mimi mwaka juzi nilipoteza Acropora kumi na moja kabla ya kujua, na siku zote hizo nilikuwa nikilaumu taa.

#16 Bi Mkulima wa Paje

Mwanangu Maalim, pole. Mimi sifugi matumbawe, ninalima mwani tangu kilimo hiki kilipokuwa kichanga huku kwetu. Kibiashara kilianza Unguja mwaka 1989. Nimesoma mazungumzo yenu nikaona kama ninasoma habari ya kotoni. Ile kotoni, aina ya mwani iliyokuwa ikilipa vizuri kuliko aina ya pili, spinosi, siku hizi inatushinda kwenye maji haya ya karibu. Matawi hugeuka meupe, hulainika, kisha hukatika na kwenda na maji. Wataalamu walitueleza kuwa maji ya kina kifupi yamepata joto, ila na sisi tuliona kuwa shamba lililokutwa na mvua kubwa siku ya maji mafu, wakati maji hayatembei vizuri, huumwa zaidi. Spinosi, katika bahari hiyo hiyo, iliendelea.

Ndiyo maana sishangai jamaa mmoja kufa na mwingine kubaki bila ya mdudu yeyote. Swali langu ni hili: maji ya bahari ya kubadilisha unayachota wapi na wakati gani?

#17 Maalim wa Kikwajuni

Shikamoo Bi Mkulima, na ahsante. Ninachota Mbweni maji yanapojaa, lita 30 kila wiki mbili, na ninayachuja kwa kitambaa. Kwa sasa sijachota tangu Januari kwa sababu ya gari.

#18 Baharia Mstaafu

Mnanipita mkiwa na minyoo na chokaa, na hakuna aliyejibu la joto. Tena kuna jambo hamjalitaja: umeme. Pampu zikizima saa tatu, maji hayatembei, hewa inakwisha ndani yake, na Acropora ndiyo ya kwanza kusema.

#19 Fundi Feni

Umenikumbusha mwaka 2008, tulipokaa miezi mitatu gizani kisiwa kizima.

#20 Baharia Mstaafu

Kijana, usichanganye. Mwaka 2008, Mei hadi Juni, ilikuwa kama mwezi mmoja. Miezi mitatu ni ile iliyoanza Disemba 2009 hadi Machi 2010, na zote mbili umeme uliokuwa ukitoka bara chini ya bahari ulikatika. Nilikuwa na tangi la samaki wa chumvi wakati huo, si matumbawe. Mimi na mke wangu, Mungu amrehemu, tulikuwa tukipokezana usiku kuyachota maji kwa kata ya kifuu na kuyamimina kutoka juu ili yapate hewa. Samaki wawili kati ya tisa walipona. Kata ninayo mpaka leo.

#21 Fundi Feni

Nimekubali sahihisho, mzee. Kwa Maalim: pampu ndogo ya hewa inayojiwasha kwa betri umeme ukikatika ni bei ya kilo chache za pweza, na inveta yenye betri ya gari huendesha pampu ya mawimbi usiku kucha, kwa kuwa hula wati chache tu.

#22 Mzamiaji Nungwi

Lakini Baharia, joto peke yake linanipa shida. Kwenye bamvua, maji yakipwa mchana, matumbawe ya kando ya mwamba hubaki kwenye vidimbwi vyenye joto linalochoma mguu, na mengine vichwa hutoka nje kabisa. Mkondo nao husimama hadi maji yajae tena. Yapo na yanaishi.

#23 Bint Shangani

Yapo yaliyobaki, Mzamiaji; yaliyoshindwa hukuyaona kwa kuwa yalikufa zamani. Kule Ofu, Samoa ya Marekani, watafiti walilinganisha Acropora za kidimbwi kinachopata joto kali kila maji yakipwa na za kidimbwi jirani kilichotulia, wakakuta za kwanza huvumilia zaidi, na zile zilizohamishiwa humo zikajenga sehemu ya uvumilivu huo. Acropora za Maalim zimekulia shambani kwenye joto lisilobadilika. Si sahihi kuzipima kwa jamaa zao wa Nungwi.

#24 Maalim wa Kikwajuni

Wanajamvi, nimefanya kila mlichoniagiza, na nimezidi kuchanganyikiwa.

Joto: jana saa tisa alasiri kipimo kilisoma 30.4, na leo 30.1. Usiku hurudi 27. Sikujua kuwa tangi langu hupanda na kushuka nyuzi tatu kila siku.

Ualikali: jirani mmoja mfugaji amenipa dawa mpya. Kipimo chake kimesoma 10.8, wakati dawa zangu za zamani, kwa maji yale yale na dakika zile zile, zimesoma 8.1. Nilikuwa nikizihifadhi juu ya kabati la jikoni. Maji ya kisima yenyewe yamesoma 16.

Minyoo: nilizima pampu nikapuliza mashina mawili yaliyobaki. Kwenye la kijani hapakutoka kitu. Kwenye la buluu kilitoka kitu kimoja bapa, chepesi, kama nusu ya ukucha wa kidole cha mwisho. Kabla sijakishika kikaingia nyuma ya jiwe. Kinaweza kuwa mnyoo, na kinaweza kuwa kipande cha nyama ya tumbawe. Mayai sikuyaona, ila macho yangu ni ya miaka 52.

#25 Fundi Feni

30.4! Nilisema.

#26 Bint Shangani

10.8. Nami nilisema, ingawa kwa haki yote, ualikali wa juu katika maji yaliyokosa lishe kwa kawaida huunguza ncha kwanza, na za Maalim zimeanzia shinani. Vilevile zile digrii 8 za siku ya Jumapili aliyoitaja hazina maana tena, kwa kuwa kipimo kilikuwa kibovu. Huenda ualikali ulikuwa tayari juu, au ulikuwa chini na ukaruka. Hatutajua.

Maalim, usiushushe kwa pupa. Acha kisima leo hii, tafuta maji yaliyochujwa hata kwa kuazima, na uuache ushuke wenyewe nusu digrii kwa siku au chini ya hapo.

#27 Mfugaji wa Dar

Kitu bapa kilichokimbilia nyuma ya jiwe, na bado mnazungumza digrii.

#28 Mgeni Mtulivu

Samahani kwa kuingilia, mimi ni msomaji tu na nina samaki wa dhahabu. Katika nyumba zetu hupigwa dawa ya mbu ya kopo, na hufukizwa udi. Skima, kama Mpemba alivyoeleza katika nambari 13, huvuta hewa ya chumba. Je, haiwezekani?

#29 Mpemba wa Wete

Mgeni karibu, na usiombe samahani. Umeuliza la maana kuliko mimi. Udi sijui, ila ukiharamishwa ndoa nyingi zitatetereka. Dawa za mbu za jamii ya pairethroidi ni sumu kali kwa wadudu na kwa jamaa zao wa majini, yaani kamba na kaa. Maalim, una kamba tangini?

#30 Maalim wa Kikwajuni

Ninaye kamba msafishaji mmoja, na kusema kweli sijamwona kama siku kumi. Kaa wadogo wa kwenye makombe walikuwa watatu, sasa nawaona wawili. Konokono wote wazima. Dawa ya kopo ilipigwa chumbani, naam, na mtoto wangu, lakini sikumbuki tarehe.

#31 Bi Mkulima wa Paje

Kamba hujificha anapojivua gamba, mwanangu. Usimzike bado.

#32 Mpemba wa Wete

Bi Mkulima amesema kujivua gamba kwa maana yake ya asili, wanasiasa mtulie.

#33 Mfugaji wa Dar

Maalim, wakati hawa wanatafuta kamba, okoa kilicho hai. Acropora mbili zilizobaki zikate juu ya mpaka wa weupe, kiasi cha sentimita mbili ndani ya nyama nzima, kwa koleo kali. Vioshe vipande kwa dawa ya aidini iliyochanganywa na maji ya tangi, uvisuuze kwenye chombo kingine, kisha uvigandishe kwa gundi kali kwenye vijiwe vipya. Shina la zamani usilirudishe, maana kama kuna mayai, yapo hapo. Ukiweza, viweke nje ya tangi hilo.

#34 Bint Shangani

Katika hilo sipingani na Mfugaji. Nina tangi dogo la lita 90 lenye ualikali wa 7.5 na joto lisilozidi 27. Maalim, vilete nusu, nusu ubaki navyo. Vyako vikifa na vyangu vikipona, angalau tutakuwa tumejua kuwa ni maji au joto.

#35 Mfugaji wa Dar

Au tutakuwa tumejua kuwa uliviosha vizuri.

#36 Maalim wa Kikwajuni

Narudi baada ya siku tisa. Nilikata vipande sita. Vitatu viko kwa Bint Shangani, vitatu kwangu. Kwangu kimoja kilichunika siku ya pili, viwili vimeshika, na cha kijani kimeanza kutambaza nyama juu ya gundi, ukingo mwembamba kama uzi. Kwa Bint Shangani vyote vitatu vipo, ila cha buluu kina doa moja la mviringo ambalo sisi wawili hatukubaliani ni nini. Feni imebaki, dirisha la alasiri nimelitia pazia zito na joto halipandi juu ya 28. Ualikali leo ni 9.2. Maji yaliyochujwa naletewa na mwanafunzi wangu wa zamani, madumu mawili kila Jumatatu.

#37 Mfugaji wa Dar

Piga picha ya hilo doa kwa karibu, taa nyeupe, si za buluu.

#38 Bi Mkulima wa Paje

Na yule kamba?

#39 Maalim wa Kikwajuni

Ameonekana jana usiku nyuma ya pampu, Bi Mkulima. Gamba lake la zamani nililikuta kwenye chujio, zima, na ndevu zake zote. Kaa wa tatu bado.